Mama Mkwe Alipotaka Kubaki Banaras

Majivu ya baba mkwe wangu yalikaa miezi kumi kwenye kibanda cha vifaa nyuma ya nyumba yetu, Greenbelt, Marekani, kwa sababu mama mkwe alikataa katakata yalale ndani. Kwa desturi yao, alisema, aliyekwisha kuchomwa haingizwi tena nyumbani. Husubiri nje mpaka afikishwe mtoni. Mume wangu akapigilia msumari kwenye ukuta wa kibanda, akautundika mtungi wa majivu ukiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chekundu, juu ya mashine ya kukatia majani. Nikadhani shughuli imeishia hapo.

Kesho yake asubuhi nilitafuta koti langu zito niende kazini, sikuliona. Lilikuwa nje, juu ya sari ya mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda, mlango wazi, theluji imemfika kwenye vifundo vya miguu, anamsimulia mumewe habari za jana.

"Mama, ingia ndani tafadhali. Utapata nimonia."

"Na yeye ataongea na nani? Mmemwacha na mashine."

Nikamshika mkono nikamwingiza, nikamvua soksi zilizolowa, nikamsugua miguu mpaka ikapata moto. Nikachelewa kazini. Ikawa hivyo siku baada ya siku mpaka theluji ilipoyeyuka, na ilipoyeyuka akawa anakaa huko muda mrefu zaidi, maana sasa kulikuwa na jua.

Nieleze kidogo sisi ni akina nani. Mimi ni Mbondei wa Muheza, binti wa mzee wa kanisa. Mume wangu ni Mhindi wa Tanga. Babu yake ndiye aliyetoka Gujarati, wengine wote wamezaliwa hapo hapo mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Tulikutana chuoni Dar es Salaam. Tulipofunga ndoa mama mkwe hakuja. Baba mkwe alikuja peke yake, na suti ya kahawia, akacheza na shangazi zangu mpaka suti ikaloa jasho mgongoni. Kwa miaka mingi baada ya hapo mama mkwe alinisalimu vizuri, alinipikia vizuri, lakini chakula nilichopika mimi hakukigusa. Sufuria zangu zilikuwa zimeshapika nyama.

Duka lilipofungwa walikuja kuishi nasi Maryland. Haukupita mwaka, baba mkwe akapigwa na kiharusi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, Temple Hills. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza wasipate vidonda. Kwa miaka miwili nilivua glovu Temple Hills saa tisa alasiri, na saa kumi na moja nilikuwa nimevaa nyingine Greenbelt, namgeuza baba mkwe. Nilimwogesha mimi kwa sababu mume wangu alikuwa bado yuko barabarani akirudi kutoka Fairfax, anakofanya kazi ya kompyuta chuoni, na kwa sababu mama mkwe magoti yake yalikwisha kuchoka. Kila nilipomgeuza, mzee alisema kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki: "Samahani, mwanangu." Kila mara. Nilimwambia aache, hakuacha. Katika miaka hiyo ndipo mama mkwe alipoanza kula chakula changu, bila kutangaza. Siku moja alichukua sahani, akala, akasema chumvi imezidi.

Mzee alipofariki watu waliniambia, haya, sasa pumzika. Nilitaka kweli kupumzika. Lakini kumbe mzee ndiye aliyekuwa anamshughulisha mama mkwe kutwa nzima, na sasa mama akabaki na kibanda, magoti, vidonge vya aina saba na mimi. Alianguka bafuni mara mbili. Akaacha jiko linawaka. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na tano, anakielewa Kiswahili chote, hata matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza, na bibi yake Kiingereza chake ni cha sokoni. Basi nikifika nyumbani nimechoka hata kope zinauma, namkuta mama amekaa mlangoni na maneno ya siku nzima mdomoni, ananisubiri mimi.

Ndiyo maana mume wangu aliposema kwamba mwishoni mwa Oktoba tutakwenda wote wanne Banaras kumpeleka mzee mtoni, sikuuliza kuna nini huko. Niliuliza ni siku ngapi. Akasema kumi. Nikahesabu siku kumi bila kumwogesha mtu.

Mji huo ramani zinauita Varanasi. Mama mkwe aliuita Banaras, kama mama yake alivyouita, na siku nyingine Kashi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia. India yote alifika mara moja tu, akiwa na miaka tisa, kwenye harusi ya mjomba. Lakini aliusimulia kama mtu anayesimulia mtaa wa nyuma: mto Ganga unavyopinda, ngazi za mawe zinavyoshuka mpaka majini, maiti zinavyochomwa pale pale kando ya maji, na anayefia humo hazaliwi tena, amemaliza safari.

Kwenye ndege kutoka uwanja wa Dulles alikataa mtungi uwekwe kwenye kabati la juu pamoja na mabegi ya watu. Mhudumu naye akakataa upakatwe. Mwisho ukawekwa chini ya kiti cha mbele yake. Sasa likaja jambo jingine: marehemu haelekezewi nyayo. Akakunja miguu juu ya kiti, hivyo hivyo, magoti yale mabovu, mpaka tulipobadilisha ndege. Alipojaribu kusimama hakuweza. Nilipiga magoti kwenye kijia cha ndege nikamkanda mashavu ya miguu huku abiria wakinipita na mabegi yao, na mume wangu amesimama nyuma yangu anasema, "Ba, Ba, si nilikuambia?" Ba ndivyo wanavyomwita mama kwao. Binti yetu alikuwa ameziba masikio kwa muziki, anatazama pembeni kama asiyetujua.

Tulifika Banaras siku ya pili yake mchana, kwenye hoteli ndogo juu ya ngazi za mto. Ngazi za kupanda hotelini peke yake zilikuwa sitini na kitu. Wanaume wawili walimbeba mama kwenye kiti cha mbao, akawa anacheka kama msichana. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo Marekani.

Nilikuwa nimejiandaa kuona mji mtakatifu, na kwa kweli kitu cha kwanza nilichoona ni watu wenye mipira ya maji wakiosha tope. Mafuriko ya mvua yalikuwa yamepungua na kuacha matope mazito kwenye ngazi, marefu kuliko mtu, na wao walikuwa wanayasukuma na maji kurudi mtoni, kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi. Niliwatazama kutoka dirishani kwa muda mrefu. Niliijua kazi ile.

Asubuhi iliyofuata tulimpeleka mzee. Kinyozi alimnyoa mume wangu kichwa kizima pale pale kwenye ngazi, na kichwa chake kilipobaki cheupe, masikio yamesimama, niliona ghafla sura ya baba yake kitandani. Kasisi, kijana mwenye simu mbili, akauliza majina ya mababu. Mume wangu alijua la babu yake tu. Akamtazama mama yake. Mama akayataja mengine yote, saba nyuma, bila kusita, na macho amefumba.

Tukapanda mtumbwi wa injini. Katikati ya mto mwenye chombo akazima injini, tukawa tunaelea. Kasisi alisoma, mume wangu akafungua mfuko mwekundu, akamwaga. Nilidhani majivu yangekuwa laini kama ya jikoni. Yalikuwa na chengachenga, yalitoa sauti yalipogusa maji, kama mtu anayemwaga mchele. Maua ya machungwa yalielea juu yake. Upande wa kushoto, kwenye ngazi nyingine, kulikuwa na mabiwi matatu ya kuni yanawaka na moshi wake ukatujia, na hakuna aliyefunika pua isipokuwa binti yangu.

Nilitaka kulia. Nilimpenda mzee yule kuliko watu wengi wa damu yangu. Badala yake nilikuwa nafikiria uzito wake: jinsi nilivyoingiza mkono chini ya bega lake la kulia, jinsi nilivyohesabu moja, mbili, tatu kabla ya kumgeuza. Mikono yangu ilikuwa mapajani na haikuwa na kazi. Mama mkwe aliinama akachota maji ya mto, akanawa uso, akanywa funda moja kabla hatujawahi kumzuia, kisha akatulia. Akatulia kweli, mabega yakashuka. Tuliporudi hotelini alilala mchana kutwa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Tulitembea polepole kwenye vichochoro, yeye kwenye kiti cha magurudumu cha kukodi, ng'ombe wakitupita na pikipiki zikipiga honi nyuma ya ng'ombe. Tulikunywa chai kwenye vikombe vya udongo. Asubuhi moja aliona mtu anakaanga, akasema kwa furaha, "Kachori! Nunua, nunua." Akaletewa mkate wa mviringo uliovimba mafutani, na mchuzi wa viazi kwenye bakuli la majani. Akaugeuza huku na huku.

"Hii ndiyo kachori?"

Muuzaji akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mbona andazi?" akaniambia mimi. "Kachori si ya kiazi, duara, na pilipili ndani? Wamesahau hawa." Akala hata hivyo, akaomba wa pili.

Siku ya tatu mchana hakuwepo chumbani. Tulimtafuta kwa karibu saa nzima, mume wangu akikimbia ngazi juu na chini, mpaka mfagizi mmoja wa hotelini alipotuelekeza. Alikuwa nyuma ya hoteli, kichochoro cha tatu, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ua wa simenti katikati. Wanawake wazee, karibu wote wamevaa sari nyeupe, walikuwa wamekaa ukutani wakimenya njegere. Mama mkwe alikuwa kati yao, anamenya.

Ilikuwa nyumba ya wajane. Wanakuja kutoka kila pembe ya India, wanaishi hapo wakisali na kusubiri siku yao, ili wafie Banaras. Msimamizi wake, mama mnene mwenye miwani na Kiingereza kizuri, alitwambia wamekwisha kuzungumza, na kwamba kuna kitanda kimoja kitupu.

Mama mkwe hakutupa habari hiyo pale. Alisubiri mpaka tumerudi, tumekaa juu ya paa la hoteli, chakula kimeletwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie pamoja:

"Mimi sirudi."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Hurudi wapi, Ba?"

"Amerika. Nyinyi nendeni salama. Mimi nimefika."

"Hilo haliwezekani. Una dawa, una daktari wako, una…"

"Dawa zipo hapa. Wagonjwa wa dunia nzima wapo hapa."

"Watu watasema nimekutupa!"

"Watu gani? Kule jirani yangu nimemwona mara mbili tu, na mara moja ilikuwa amefungiwa nje."

Waliingia kwenye Kigujarati, sauti zikapanda. Binti yetu akasema kwa Kiingereza kwamba kama bibi anataka kubaki, ni maisha yake, na baba hana haki ya kumkatalia. Halafu yeye huyo huyo akaanza kulia, akaondoka mezani. Mume wangu akanigeukia, kichwa kile kilichonyolewa kinang'aa jasho.

"Zungumza naye wewe. Wewe anakusikia."

Nikazungumza naye jioni, jua bado halijazama, kwenye ngazi za chini karibu na maji. Nilimshusha polepole, tukakaa kwenye jiwe lililokuwa limekwisha kuoshwa tope. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Umechoka," akasema.

"Safari tu, Mama."

"Si safari. Naona macho yako tangu mwaka juzi. Ukiingia mlangoni unavuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Unadhani sikuoni?"

Mwenye mtumbwi alituita kama tunataka kupanda, nikamfanyia ishara kwamba hapana.

"Nikuulize kitu," akasema, "na uniambie kweli, maana mwanangu hawezi kuniambia. Wewe unataka nirudi?"

Nilikuwa na jibu. Nataka, Mama. Ni maneno mawili, na ningeyasema bila shida kwa mzee yeyote wa Temple Hills. Lakini aliuliza vizuri mno, na nilikuwa nimechoka mno, na katika ule muda mfupi niliona nyumba yetu bila yeye. Niliona Jumamosi. Niliona naingia mlangoni na hakuna anayenisubiri, nakaa kwenye kochi na viatu vyangu, sisemi na mtu. Sikumtakia baya lolote. Nililiona kochi tu.

Nilipofungua mdomo, muda ulikuwa umepita. "Nataka, Mama," nikasema.

Akanipigapiga gotini mara mbili. "Basi. Nimesikia."

Mume wangu alipouliza nilimwambia amekataa. Sikumwambia kingine.

Msimamizi wa nyumba ile alikuwa na busara. Alikataa kuandikisha chochote siku hiyo. Alisema wengi wanaotoka ng'ambo hushikwa na mji kwa siku tatu za kwanza. Akae kama mgeni mpaka siku ya ndege yetu, halafu aamue. Kesho yake tukambebea begi. Mume wangu alimpangia vidonge kwenye kisanduku, asubuhi, mchana, jioni. Mama alikuwa mchangamfu, anatusukuma tuondoke.

Nilirudi chumbani saa nne asubuhi nikasema nijilaze kidogo. Niliamka saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimelala na nguo, mkono umekufa ganzi, shavu limelowa mate. Kwa dakika nzima sikukumbuka niko nchi gani. Kisha nikahisi wepesi mwilini, wepesi ambao sikuujua kwa miaka mitatu, na nyuma yake ikaja aibu. Niliosha uso. Nikarudi kulala.

Siku yake ya tatu huko nilikwenda kumtazama peke yangu, na machungwa. Kabla sijaingia nikasikia kicheko uani. Wanawake wanne walikuwa wamemzunguka mama mkwe, wanacheka kwa mikono mdomoni, si kwa ubaya, na yeye amesimama katikati amejishika kiuno, uso mwekundu.

"Umeona mambo haya?" akaniambia aliponiona, kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Nimetaka fagio. Fagio tu, nifagie chini ya kitanda changu. Nikawaambia, nipeni fagio. Wananitazama. Fagio, fagio! Wananiletea maji."

"Lakini Mama, fagio ni Kiswahili."

Akanitazama.

"Ni Kigujarati," akasema.

"Ni Kiswahili, Mama. Kama kisu. Kama sufuria."

"Kisu nacho?"

Alikaa chini kwenye ukingo wa ua. Kihindi chake kilikuwa cha sinema na cha hekaluni, na Kigujarati chake, kumbe, kilikuwa cha Tanga. Mama yake alisema fagio. Nyanya yake alisema fagio. Alikuwa na miaka sabini na minane. Mwanamke mmoja mdogo, aliyetoka Bengal, akaja akaketi karibu yake na kumshika mkono, akamuuliza kitu. Mama mkwe akajibu neno moja, "Tanga." Yule hakuelewa. "Afrika," akasema mama. Mwanamke akapanua macho na kuuliza kitu kingine, na mama akanitafsiria kwa sauti kavu: "Ananiuliza kama nimeshaona simba."

Tukamenya machungwa tukala, sisi na yule mama wa Bengal. Mama mkwe aliponisindikiza mlangoni hakusema anaendeleaje, nami sikuuliza. Niliogopa jibu, lolote lile.

Asubuhi ya safari tulikwenda kumuaga. Mume wangu alikuwa hajalala. Alikuwa ametunga hotuba nzima ya mwisho, njia nzima midomo inamchezacheza. Tulipokata kona ya kichochoro tukamwona mama amekaa nje ya nyumba, kwenye kibaraza, na koti langu zito mabegani katika joto lile, begi liko mapajani.

"Mmechukua pasipoti yangu?" akauliza. "Haya, twendeni."

Mume wangu alilia hadharani, akamkumbatia, akamshukuru Mungu. Alidhani ni maneno yake ya simu ya usiku uliopita yaliyofanya kazi, na mama akamwacha adhani hivyo.

Kwenye ndege ndefu ya kurudi tulikaa viti viwili, mimi na yeye. Mume wangu na binti walikuwa safu ya nyuma. Chakula kilipoondolewa akasema, akitazama mbele:

"Usidhani sikukusikia siku ile."

"Mama…"

"Ngoja nimalize. Uliponyamaza ulinijibu. Sikukasirika." Akafikiri. "Nilikasirika siku mbili. Halafu nikaona, nimemuuliza mwenyewe nikitaka ukweli, nikaupata, namkasirikia nini?"

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe kwa kuchoka? Na mimi nani atanisamehe kwa kukuchosha?" Alivuta blanketi akalikunja mapajani. "Pale ningekufa vizuri, sina shaka. Lakini sijui nitakufa lini. Inaweza kuwa miaka kumi! Miaka kumi hiyo nitaongea na nani? Nikitaka kumsengenya mtu, nimsengenye kwa lugha gani?"

Nilicheka, machozi yakatoka kabla sijajua kwamba yapo. Hakunibembeleza. Aliniachia nimalize, kisha akaendelea kwa sauti ya mtu anayepanga bei ya vitambaa.

"Narudi, lakini si kwa ajili yako. Na hatuishi tena kama zamani. Kwanza, mwanangu akae nyumbani siku mbili kila wiki. Mimi ni mama yake, si mama yako. Pili, nitafutieni pahali pa kwenda mchana, nimeona kwenye gari dogo wazee wanachukuliwa. Tatu, ukifika kutoka kazini, nusu saa sitasema na wewe. Nitakaa chumbani, wewe kaa kwenye kochi."

Sikuwa nimemtajia kochi. Sijui alijuaje.

Haikwenda barabara kama alivyopanga. Wakubwa wa mume wangu walimruhusu siku moja tu ya kufanyia kazi nyumbani, ile ya pili akaipigania mpaka masika. Kituo cha wazee tulichompatia kina gari linalokuja Jumanne na Alhamisi, na mara ya kwanza mama alirudi akisema wanawalisha chakula cha watoto na kuwachezesha mipira. Hakutaka kurudi. Wiki ya tatu akamkuta huko bibi mmoja Mkongo, wa Bukavu, naye mjane, aliyekuwa anakaa pembeni peke yake.

"Kiswahili chake kimevunjika vunjika," akaniambia siku hiyo, baada ya ile nusu saa. "Ati anasema 'fasi yangu'. Fasi! Nikamwambia, sema pahali. Akaniambia mimi ndiye nisiyejua, maana Mhindi anajua wapi Kiswahili."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu mpaka gari likaja."

Tangu hapo huvaa mapema siku za gari. Bado anaanguka. Mwezi uliopita ameanguka tena, mara hii jikoni, na nimemwinua kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, na kiuno changu hakijapona mpaka leo. Vidonge vimekuwa vya aina tisa. Nikilala saa nane mfululizo ni bahati.

Habari ya kunyamaza kwangu nilimweleza mume wangu miezi mitatu baada ya safari. Alhamisi moja gari la kituo liliharibika, tukawa tunakwenda wenyewe kumchukua, tumekwama kwenye foleni ya alasiri, magari yamesimama mbele mpaka upeo wa macho. Nilimwambia yote: swali, ngazi, kochi. Alizima redio. Nywele zake zilikuwa zimeota tena, na mvi nyingi kuliko mwanzo.

"Nilipomsikia anasema harudi," akasema, "kabla sijaanza kubisha, nilishakipanga chumba chake. Nilishaweka meza yangu ya kazi pale dirishani."

Nilimwekea mkono gotini, foleni ikasogea kidogo, ikasimama tena.

Tulifika tumechelewa dakika arobaini. Wazee wengine wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Mama mkwe na yule bibi wa Bukavu walikuwa wamekaa bega kwa bega karibu na mlango wa kioo, makoti yamefungwa mpaka shingoni, wanazozana juu ya jambo fulani, na walipotuona wakakatisha wote wawili kwa pamoja, wakatutazama.

"Na huyu naye tunampeleka kwake," mama akasema. "Mwanawe hapokei simu."